Bi. Wahu Kiragu na Orodha ya Maneno ya Ziwa

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Wahu Kiragu anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Tahadhari za Ziwa, hapa Kisumu, kwa miaka thelathini na mitano na mwezi mmoja. Aliingia kazini Jumatatu ya kwanza ya Oktoba 1990 akiwa mpiga taipu. Anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha ufuatiliaji wa mitandao, cheo ambacho hakikuwepo alipoajiriwa kwa sababu hata mitandao yenyewe haikuwepo.

Katika majalada ya ofisi anaandikwa W. Kiragu. Kila mtu mwingine humwita Mama Shiro, na wanawake wanaouza samaki katika ufuo wa Dunga humwita nyar Kisumo, yaani binti wa Kisumu. Jina hilo la tatu ndilo analolipenda zaidi, ingawa hatalikiri. Wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kuuza nafaka katika soko la Kibuye, naye akazaliwa hapa. Gikuyu alikisikia nyumbani, Kiswahili akafundishwa shuleni, na Dholuo akakiokota sokoni miongoni mwa magunia ya maharagwe, akiwa bado hajui kwamba ni lugha nyingine.

Mimi ninayeandika, Dalmas Wabwire, nimefanya naye kazi miaka kumi nikiwa mtayarishaji wa programu za kompyuta. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika wasifu huu alinipa sharti moja. Alisema, "Usiniandike kama marehemu. Weka na ile ya Asembo." Nimeiweka.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa mkasi na gundi. Kila asubuhi alipitia magazeti, akakata kila habari iliyotaja ziwa, akaibandika kwenye karatasi na kuiweka katika jalada la ufuo unaohusika. Mchana alipiga simu kwenye fuo chache zilizokuwa na simu, akauliza hali ya upepo na boti. Jioni alipiga taipu tangazo la tahadhari, likabandikwa sokoni, kwenye fuo na milangoni mwa makanisa.

Mwaka 1994 tangazo lake mojawapo lilisema, "Pepo kali zinatarajiwa ziwani kuanzia Alhamisi." Kisarufi hakukuwa na kosa: upepo mmoja, pepo nyingi. Lakini siku ya pili mchungaji mmoja wa Nyalenda alifika ofisini na waumini sita, tayari kuzikemea. Mama Shiro aliwaeleza, akawapa chai, kisha akawaacha waombe hata hivyo, kwa kuwa walikuwa wametembea kwa miguu. Tangu siku hiyo matangazo yetu husema "upepo mkali" hata uwe wa siku nne.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, aliondoka Kisumu kwa wiki saba. Aliporudi alikuta nyumba yake ya Migosi imefungwa kwa kufuli asiyoijua. Jirani yake alikuwa ameifunga kwa kufuli yake mwenyewe na kuwaambia waliokuja kwamba ni nyumba ya dada yake. Mama Shiro huwa haongezi neno katika habari hiyo, nasi hatumuulizi. Jumatatu iliyofuata alikuwa mezani pake na mkasi wake.

Mimi nilifika Septemba 2015. Nilikuwa nimetoka chuoni na sikuwa na shaka yoyote juu ya akili yangu. Wakurugenzi walitaka tuache kusubiri magazeti, kwa sababu boti ikizama Jumatatu gazeti linaleta habari Jumatano, wakati watu wa ufuo wameshaandika mtandaoni dakika ile ile.

Mtu wa kawaida akitaka kujua watu wanasema nini mtandaoni hufungua simu akaperuzi. Programu haiperuzi. Inapitia kiolesura, ambacho ni mlango ulioachwa na kampuni ya mtandao kwa ajili ya programu za watu wengine. Unabisha ukiwa na ufunguo wako, ambao ni msururu tu wa herufi na tarakimu. Unataja maneno unayoyatafuta. Mlango unakurudishia machapisho ya hadharani yenye maneno hayo: nani aliandika, saa ngapi, na kama mwenyewe ameruhusu, alikuwa wapi. Ukibisha mara nyingi mno katika robo saa, unaambiwa usubiri.

Niliupa mlango huo maneno yangu manne: dhoruba, mafuriko, ajali ya boti, Ziwa Victoria. Wiki ya kwanza tulipata machapisho elfu tatu na ushei. "Mafuriko" ilituletea kampeni za uchaguzi wa Tanzania, ambako watu walikuwa wakisifia mafuriko ya wafuasi uwanjani. "Dhoruba" ilileta mapenzi na mabao ya mpira. "Ziwa Victoria" ilileta picha za harusi. Wiki hiyo hiyo boti mbili zilipinduka, na tulizijua kwa simu, kama zamani.

Mama Shiro alisoma kurasa zote hizo, akavua miwani.

"Dalmas, wewe si ni mtu wa Busia? Boti ikizama kwenu, mama yako atasema 'dhoruba'?"

"Hapana."

"Atasema nini?"

Nikamwambia kwa Kisamia.

"Sasa umeona," akasema. "Na wa Dunga ana yake."

Ijumaa iliyofuata alinipeleka Dunga. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya wanawake waliokuwa wakipara samaki, akafungua daftari la shule na kuwauliza upepo ukiwa mbaya wanaandika nini kwa simu. Milka, muuza samaki wa ngege ambaye amekuwa rafiki yake tangu siku za mkasi, alidhani ni utani.

"Nani ako na time ya kuandika? Mtu anaandika tu 'yamo' na watu wanajua."

"Yamo peke yake?"

"Yamo mager, kama iko kali. Na kama yie imezama, 'yie onimo'. Kwani wewe hujui, nyar Kisumo? Si unaongea Dholuo kuniliko?"

"Najua kuongea. Nataka kujua mnavyoandika."

Hilo ndilo jambo ambalo mimi na shahada yangu hatukuwa tumelifikiria. Tulirudi ofisini na maneno arobaini na moja, mengine yakiwa na tahajia tatu au nne, mengine nusu Dholuo nusu Kiingereza cha mtaani. Nikayaweka yote siku hiyo hiyo, na yakatuletea balaa jipya. "Nam", ambalo ni ziwa, lilituletea habari za Viet Nam. "Yie" ni boti, lakini pia ni kuamini, kwa hiyo kila mhubiri kuanzia Siaya hadi Migori aliingia kwenye kompyuta yetu na mahubiri yake. Mama Shiro alianza kuyaunganisha maneno mawili mawili, "yie" na "onimo", "nam" na "yamo", akawa ananiletea orodha iliyosahihishwa kila Ijumaa jioni. Kufikia mwisho wa mwaka 2016 tulikuwa na maneno na jozi mia mbili na kumi na mbili. Nafikiri hakuna aliyewahi kuyapanga hivyo kwa ajili ya ziwa hili, na aliyefanya hivyo ni mtu ambaye cheti chake cha juu ni cha kupiga taipu.

Sasa nafika Asembo.

Mahubiri hayakukoma. Siku za Jumapili na nyakati za mikesha programu ilijaa sala hadi habari za ziwa zikapotea katikati. Mwezi wa Juni 2017 Mama Shiro alipendekeza kichujio: kila chapisho lenye maneno ya maombi, kama vile "Nyasaye", "tuombe", "Bwana", "Amina", litupwe kwenye jalada la pembeni bila kusomwa. Nilikiandika kwa dakika ishirini. Kazi ikawa nyepesi mara moja. Mkurugenzi alimpongeza mbele ya wote na kikao kikapiga makofi. Mimi nilipiga makofi pia.

Jumanne tarehe 13 Machi 2018, saa tatu na nusu asubuhi, boti iliyotoka Asembo Bay ikiwa na watu wanne ilipinduliwa na upepo. Waliokuwa ufuoni waliiona ikipotea. Kiongozi wa ufuo alirukia boti nyingine kwenda kutafuta, simu yake ikabaki nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyetupigia. Lakini watu waliandika. Kuanzia saa nne kasorobo waliandika, na sisi hatukuona kitu. Skrini ya Mama Shiro ilikuwa tupu na safi.

Saa sita na dakika kumi mtu mmoja wa Bondo aliandika, "Boat imepinduka Asembo, watu wanne." Chapisho hilo halikuwa na neno la maombi, likapita. Mama Shiro alipiga simu hapo hapo, boti ya uokoaji yenye injini kubwa ikatoka. Iliwakuta watu watatu wakiwa wameng'ang'ania mitungi ya plastiki, mbali sana na pale walipokuwa wakitafutwa. Wa nne, Naswa Wakhisi, aliyekuwa nahodha wa boti hiyo, alipatikana kesho yake akiwa amekufa. Mmoja wa walionusurika alisema Naswa alishikilia mtungi pamoja nao muda mrefu, akawa anawatania wasilale. Mikono ilimlegea kama saa moja kabla hawajasikia injini.

Alasiri ile Mama Shiro alifungua jalada la pembeni. Alikuta machapisho kumi na tisa ya Asembo yaliyoingia kati ya saa nne kasorobo na saa sita. La kwanza lilisema, "Nyasaye kony jowa, yie onimo." Mungu wasaidie watu wetu, boti imezama. Yote kumi na tisa yalikuwa maombi. Aliniita nisome.

"Mtu anazama, Dalmas. Ulidhani ataandika nini?"

Alisema "ulidhani", lakini alikuwa akijiuliza mwenyewe. Alikiondoa kichujio kabla ya kwenda nyumbani, akaandika ripoti ya ukurasa mmoja iliyoanza kwa maneno, "Kanuni ilikuwa yangu." Mkurugenzi wa wakati huo alimwambia hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba saa mbili zingemwokoa mtu, na kwamba si busara kwenda kwa familia kusema mambo ambayo yanaweza kugeuka kesi. Mama Shiro alimsikiliza kwa adabu. Wiki mbili baada ya mazishi alichukua likizo ya siku moja akaenda Asembo Bay, nami nikamwendesha.

Mjane, Dorca, alitupokea kwenye kibaraza. Mama Shiro alitoa pole, kisha akaeleza yote, pole pole, bila kutumia hata neno moja la kompyuta. Ofisi ilikuwa na kitu cha kusoma yale watu wanaandika. Yeye ndiye aliyesema kisisome maombi.

Dorca alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hiyo ya kwanza ni mimi niliandika."

Mama Shiro akaweka mkono mdomoni.

"Sikuwa naandikia ofisi," Dorca akaendelea. "Hata sikujua mko. Nilikuwa naandikia Mungu."

"Najua, mama. Lakini ilipitia kwetu, na ni mimi niliitupa."

"Umeirudisha? Hiyo kitu ya kusoma maombi?"

"Siku hiyo hiyo."

"Haitatolewa tena?"

"Nikiwa pale, haitatolewa."

Dorca aliinuka, akaingia ndani, akatoka na birika. "Sijakusamehe leo," akasema. "Lakini kunywa chai. Umetoka mbali."

Tulikunywa. Njiani kurudi, tulipofika Holo, Mama Shiro alileta habari za kazi: alitaka kujua kama programu inaweza kutofautisha mahubiri na kilio. Tuliligeuza swali hilo kwa miezi mitatu. Jibu lilikuwa lake. Maombi ya mtu mmoja ni ibada. Maombi ya watu watano wa ufuo mmoja ndani ya dakika kumi ni habari. Niliandika hivyo hivyo: chapisho la sala lisitupwe, lihesabiwe mahali na saa, na majibu yake yahesabiwe pia, yakifika matano, kengele ilie. Aliongeza sheria mbili ambazo ziko ukutani hadi leo. Ya kwanza, hakuna neno linaloondolewa kwenye orodha kabla hatujasoma kwa wiki nzima kile ambacho kuondolewa kwake kutaficha. Ya pili, jalada la pembeni husomwa na binadamu mara mbili kwa siku. Kwa miaka saba aliyelisoma asubuhi alikuwa yeye.

Mwaka 2023 ule mlango wenyewe ulibanwa. Kampuni ya mtandao ilibadilisha masharti, na ufunguo wetu ukabaki na ruhusa ya kubisha mara chache tu kwa siku, chini ya sehemu moja ya kumi ya tulivyozoea. Mama Shiro aliandika barua tatu kuomba ruhusa ya watafiti. Mbili hazikujibiwa, ya tatu ikatuongezea kidogo. Hata hivyo orodha, ambayo wakati huo ilikuwa na maneno na jozi mia tatu na arobaini, ilibidi ishuke hadi thelathini.

Hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya pekee. Nilipiga hesabu nikamwonyesha kwamba maneno ya maombi yanakula nusu ya nafasi zetu, na kwamba kwa miaka mitano yalikuwa yameliza kengele mara tisa tu, saba kati ya hizo zikiwa za mazishi.

"Mama Shiro, hatuna nafasi. Tuyatoe hata kwa muda."

"Toa mengine."

"Mengine ndiyo yanaleta habari!"

"Mengine yanaleta habari za watu walio nchi kavu. Toa 'dhoruba'. Si ni yako? Toa na 'mafuriko'. Haya hayatoki."

"Ni kwa sababu ya Asembo."

"Ndiyo," akasema. "Ni kwa sababu ya Asembo. Ulitaka iwe ni kwa sababu ya nini?"

Nilinung'unika wiki nzima. Niliandika hata barua pepe kwa mkurugenzi mpya, sikuituma. Maneno ya maombi yalibaki.

Alhamisi tarehe 9 Mei mwaka jana, saa mbili asubuhi, wanawake kumi na mmoja wa kwaya waliondoka Dunga kwa boti kwenda Kendu Bay kwenye sherehe ya kanisa. Katikati ya maji boti iliingia kwenye magugumaji, yakaizonga injini ikazima, na boti ikaanza kusukumwa huku maji yakiingia. Simu ya nahodha ilikuwa imelowa. Mmoja wa wanakwaya, Sheila, alikuwa na bando lakini hakuwa na salio la kupigia. Aliandika kwenye ukurasa wa hadharani wa kanisa lake: "Bwana tusaidie, magugu imeshika injini, tunaona mlima wa Homa kwa mkono wa kulia na maji inaingia."

Watu waliliona chapisho hilo. Wakajibu, "Amina." Mwingine, "Amina dada." Mwingine akaweka mikono iliyokunjwa kwa sala. Walidhani ni neno la asubuhi kama yale anayoyaweka kila siku, na kwa kweli Sheila huweka kila siku. Hakuna aliyelisoma hadi mwisho. Lakini Amina ya tano ilipoingia, kengele ililia ofisini. Ilikuwa saa sita kasorobo.

Mama Shiro alilisoma mara moja tu, akampigia Tom, kiongozi wa ufuo wa Dunga.

"Tom, kuna boti ya kwaya imetoka kwako leo?"

"Eeh, saa mbili. Hao wameshafika Kendu zamani, Mama Shiro. Wanakula sasa."

"Hawajafika. Injini imeshikwa na magugu na maji inaingia."

"Nani amesema?"

"Wao wenyewe. Upepo unatoka wapi?"

"Unatoka upande wa Homa."

"Basi usiwatafute kwa njia ya Kendu. Wanasukumwa kwenda Nyakach. Toa boti mbili, Bwana Tom. Toa sasa, tutaongea baadaye."

Tom alitoa boti mbili. Mama Shiro alisimama dirishani muda wote, jambo ambalo si kawaida yake, kwa sababu kutoka dirisha lile ziwa halionekani. Linaloonekana ni paa la jirani. Mimi nilikaa mbele ya skrini nikitazama Amina zikiongezeka: kumi na nane, ishirini na sita, arobaini. Nilikumbuka ile barua pepe ambayo sikuituma. Sheila hakuandika tena.

Saa tisa kasorobo Tom alipiga simu. Mama Shiro aliniashiria nipokee mimi, yeye hakuweza. Tom alikuwa akipiga kelele juu ya mlio wa injini.

"Tumewapata! Wote! Kumi na moja na nahodha! Wanamwaga maji na sufuria!"

Walipatikana upande wa Nyakach, ndani ya kisiwa cha magugu ambacho kutoka njia ya Kendu kisingeonekana. Maji yalikuwa yamefika magotini. Mmoja alikuwa ameteguka mkono. Sufuria hizo zilikuwa za pilau ya sherehe, na pilau yenyewe waliimwaga ziwani ili wapate cha kuchotea. Sheila alieleza baadaye kwamba simu yake iliisha chaji dakika chache baada ya kuandika, na kwamba alipoona Amina ya kwanza alifurahi, ya pili ikamkasirisha.

Nilimwambia Mama Shiro kwamba kama ningeshinda ule ubishi, watu kumi na wawili wangekuwa wamekufa. Alinijibu, "Hukushinda. Piga simu Kendu, wanawasubiri." Wiki iliyofuata kwaya nzima ilikuja ofisini bila miadi, ikaimba kwa saa mbili na nusu. Hakuna kazi iliyofanyika siku hiyo, na ripoti ya robo mwaka ilichelewa. Nimeombwa na mkurugenzi nieleze hapa kwamba amesamehe.

Kuna mengine ambayo nafasi hainiruhusu kuyaeleza kwa kirefu. Orodha yake sasa inatumiwa na vituo viwili vingine vya ziwa hili. Amefundisha watu ishirini na watatu, na kati yao hakuna aliyewahi kuambiwa "wewe hujui". Huambiwa "twende Dunga". Hakuwahi kuchelewa kazini isipokuwa siku binti yake Shiro alipozaliwa, na hata hapo alituma ujumbe. Chai yake ni ya tangawizi nyingi kupita kiasi. Alikataa katakata kujifunza kutumia kipanya kwa mkono wa kulia, ndiyo maana kompyuta ile ya dirishani ina kipanya upande wa kushoto, na Debra, anayechukua nafasi yake baada ya kujifunza chini yake kwa miaka miwili, ameomba kisihamishwe.

Wengi wamemuuliza kama sasa atarudi nyumbani. Huwajibu kwamba nyumbani ni Migosi, nyumba ya tatu baada ya duka la dawa, na wakaribie. Atafuga kuku. Shiro, ambaye ni muuguzi Eldoret, amemwahidi kumletea wajukuu wakati wa likizo ya Desemba. Milka naye amesema amemwekea nafasi ya kukaa pale ufuoni, na safari hii si kwenye ndoo.

Jumatatu ya wiki hii aliniletea makabidhiano yake: madaftari kumi na nne, ufunguo wa kabati, na ombi kwamba nitoe nambari yake kwenye mfumo wa kengele, kwa kuwa mtu aliyestaafu hana shughuli na kengele za ofisi. Niliitoa mbele yake. Alishukuru, akaenda mezani kwake kupanga vitu. Baada ya kama saa moja alirudi akasimama mlangoni.

"Dalmas, ile nambari. Irudishe tu."

"Mama Shiro, utapumzika lini?"

"Nitapumzika. Sitampigia mtu simu, sitamwambia Debra afanye nini. Nataka tu kujua kama walio ziwani wamefika."

Nimeirudisha.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo, ya fuo zote kuanzia Dunga hadi Asembo Bay, na ya kwaya moja yenye sauti kubwa, asante, Mama Shiro. Ustaafu wako uwe mrefu, wenye afya, kuku wengi na usingizi wa mchana. Na kila simu yako itakapolia, iwe ni sisi tunakuambia kwamba wamefika.

Dalmas Wabwire
Kitengo cha Ufuatiliaji wa Mitandao